Kiungo

Nilivaa jezi namba nane, nikicheza kiungo,
katikati ya mabeki wanaofoka
na washambuliaji wasiojua kurudi.
Mama huuza viungo sokoni Kibuye:
bizari, iliki, mdalasini wa vijiti.
Na kilichokatika Jumapili ile kule Nyamasaria
ni kiungo vilevile.
Lugha hii haikuona haja ya kunitafutia neno jingine.

Hakuna aliyenigusa. Hilo liandikwe.
Mpira ulikuja kutoka kushoto, nikataka kuupeleka kulia,
daluga zikashika udongo mweusi uliokauka,
macho yakageuka, bega likageuka, nyonga ikageuka,
goti peke yake likabaki linatazama ulikotoka mpira.
Tap!
Mlio wa muwa unaovunjwa gotini.
Tumeivunja mingapi hivyo, tukirudi kutoka Kibos,
mate yakitutangulia?

Bi. Kageha wa mazoezi ya viungo
hana maneno ya pole. Ana kigoda,
mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, na vidole vya baridi.
"Goti ni bawaba," aliniambia,
"ila bawaba iliyofungwa na fundi mlevi:
likinyooka hutulia, likikunjwa hupata uhuru wa kujizungusha,
kidogo tu, na kidogo hicho ndicho kilichokuponza.
Nyonga ni mchi ndani ya kinu, haitoki kirahisi.
Bega ni chungwa juu ya kisahani;
ndiyo maana hufika kila mahali,
ndiyo maana huchomoka."
Gegedu, kano, ute: alivitaja
kama mtu anayewataja wakwe zake.

"Chuchumaa. Nusu.
Nyonga irudi nyuma, kama unatafuta kigoda gizani.
Magoti yafuate vidole, yasisalimiane!
Sasa panda ngazi. Shuka.
Kupanda kila mtu anajua. Kushuka ndiko kunakosema."

Wiki ya sita nikashikwa na ugonjwa wa kutazama.
Watoto wa ploti wanaruka kamba:
kifundo, goti, nyonga,
kila kimoja kinampokea mwenzake mzigo
hata ardhi haisikii kishindo.
Kipa wetu Awuor akirusha mpira,
nguvu huanzia kisiginoni, hupanda
goti, nyonga, kiuno, bega, kiwiko, kiganja:
pasi zote hizo
kabla mpira haujaondoka mkononi.
Na yule mpagazi wa Kibuye, na gunia lake la viazi,
anachuchumaa vizuri kuliko timu nzima
wala hajawahi kupigiwa kipenga.
Nikakunja goti langu, kiganja juu yake.
Nikaihisi pia ikiteleza, ikipanda na kushuka mtaro wake.
Pia! Kile kitu cha watoto, kinazungushwa
mpaka kianguke.

Mama haamini bawaba wala mchi.
Usiku hunipaka mafuta ya tangawizi,
hunikanda kwa nguvu za mtu aliyelipa karo.
"Viungo huponya kiungo," husema,
na sijui kama anatania.
Goti huwaka hadi alfajiri.
Simwambii Bi. Kageha.

Juzi nilikaa pembeni ya uwanja.
Namba nane sasa ni Nekesa, miaka kumi na saba,
anageuka huku nyayo zimepigiliwa chini
kama zangu.
"Inua kisigino!" nikapaza sauti. "Geuza mguu wote!"
Akanipungia mkono, akidhani namshangilia.

Jioni Mama alirudi na muwa, akanikabidhi.
Tukautazama muwa. Tukalitazama goti.
Nikainuka, bila kushika ukuta,
nikaenda kutafuta jiwe.